Kulinganisha orodha mbili kwa SQL: mzigo uliotoka Kibirizi na uliofika Tabora

Magunia ya dagaa yakipakiwa Kibirizi, mwalo (mahali samaki wanaposhushwa) wa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, karani wa ghala anaandika. Yakishushwa Tabora, karani mwingine anaandika. Mwisho wa wiki kuna orodha mbili kwenye kompyuta, na mwenye mali ana swali moja: je, zinalingana? Wengi hulijibu kwa kuchapisha karatasi mbili na kuweka tiki kwa kalamu. Mistari 50 itakwenda. Mistari 5,000 jicho litachoka, na gunia litapotea palepale jicho lilipochoka.

SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ina maneno yaliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Yanatoka kwenye hesabu za seti tunazosoma sekondari, na yaliingia kwenye hifadhidata kupitia wazo la E. F. Codd wa IBM, aliyeeleza mwaka 1970 kuwa data ipangwe kwa majedwali na ishughulikiwe kama seti. Maneno yenyewe ni haya: `UNION` hukusanya mistari ya majibu mawili na kufuta inayojirudia, `UNION ALL` hukusanya bila kufuta chochote, `INTERSECT` hutoa mistari iliyopo pande zote mbili, `EXCEPT` hutoa mistari iliyopo upande wa kwanza na isiyopo upande wa pili. Kwenye hifadhidata ya Oracle, `EXCEPT` huitwa `MINUS`, ingawa kuanzia toleo la 21c maneno yote mawili yanakubalika.

Ugumu hauko kwenye maneno hayo. Uko kwenye kuamua mistari miwili "inafanana" kwa maana gani, kwa sababu kompyuta haijui kwamba `migebuka` na `migebuka` yenye nafasi tupu mwishoni ni samaki yuleyule.

Majedwali ya kujifunzia

SQLite inatosha kwa mazoezi. Ni ya bure, haihitaji seva wala intaneti ukishaiweka, na hifadhidata nzima inakaa kwenye faili moja. Fungua dirisha la amri, andika `sqlite3 mizigo.db`, kisha:

```sql
CREATE TABLE yaliyotoka (
  mzigo   VARCHAR(10),
  aina    VARCHAR(20),
  magunia INTEGER,
  kilo    INTEGER
);
CREATE TABLE yaliyofika (
  mzigo   VARCHAR(10),
  aina    VARCHAR(20),
  magunia INTEGER,
  kilo    INTEGER
);

INSERT INTO yaliyotoka VALUES
 ('K101','dagaa',12,480),
 ('K102','dagaa',8,320),
 ('K103','migebuka',5,250),
 ('K104','dagaa',10,400),
 ('K105','migebuka',6,NULL);

INSERT INTO yaliyofika VALUES
 ('K101','dagaa',12,480),
 ('K102','dagaa',7,280),
 ('K103','migebuka ',5,250),
 ('K105','migebuka',6,NULL),
 ('K106','dagaa',4,160);
```

Itazame nafasi tupu baada ya `migebuka` kwenye K103 ya Tabora. Usiifute, tutaihitaji.

Hesabu mistari kwanza

Kabla ya kulinganisha chochote, endesha `SELECT COUNT(*)` kwa kila jedwali. Hatua hii wengi huiruka, na inawagharimu. Jedwali la kwanza likiwa tupu kwa sababu faili halikuingia vizuri, `EXCEPT` itarudisha jibu tupu, na jibu tupu linafanana kabisa na habari njema ya "hakuna tofauti". Likiwa tupu la pili, kila gunia litaonekana limepotea.

Hapa kulijua ziwa kunasaidia. Siku za mbalamwezi uvuvi wa taa hupungua sana, kwa hiyo wiki yenye mistari michache si ajabu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukiona samaki wabichi wamepokelewa mwaloni Juni ya mwaka huo, kagua tarehe kabla ya kukagua magunia. Lakini sifuri kamili katika wiki ya kawaida ni dalili kwamba faili halijaingia.

Swali la kwanza: nini kilitoka na hakikufika vilevile?

```sql
SELECT mzigo, aina, magunia, kilo FROM yaliyotoka
EXCEPT
SELECT mzigo, aina, magunia, kilo FROM yaliyofika;
```

Utapata mistari mitatu: K102, K103 na K104. Geuza, `yaliyofika` iwe juu, upate K102, K103 na K106. Lazima uendeshe pande zote mbili. `EXCEPT` ni kama kutoa katika hesabu: 5 kutoa 3 si sawa na 3 kutoa 5. Anayeendesha upande mmoja tu hataiona K106, mzigo uliofika Tabora bila kuandikwa Kibirizi, na huo nao una mwenyewe.

K104 haikufika kabisa. K102 imepungua gunia moja. Na K103? Magunia 5, kilo 250, pande zote mbili. Tofauti yake ni ile nafasi tupu. Ndivyo opereta hizi, yaani `EXCEPT` na wenzake, zinavyofanya kazi: hulinganisha mstari mzima, safuwima kwa safuwima, na herufi moja tu inatosha kuufanya uhesabike kuwa mwingine.

K105 nayo iangalie kwa makini. Haikujitokeza popote, ingawa kilo zake ni `NULL`, yaani hazikuandikwa. Katika `WHERE`, `NULL = NULL` si kweli wala si uongo. Katika opereta za seti, `NULL` mbili huhesabiwa kuwa sawa. Kwa kulinganisha orodha hilo ni jema, ila lisome ipasavyo: pande zote mbili zinakubaliana kwamba hakuna aliyepima. Hazikubaliani kuhusu uzito.

Safisha kwa mwonekano, usiguse asili

Kishawishi kikubwa ni kuendesha `UPDATE` na kufuta nafasi tupu moja kwa moja kwenye jedwali. Usifanye hivyo kabla mlinganisho haujaisha. Jedwali la asili ni ushahidi. Likishabadilishwa, huwezi tena kumwonyesha karani alichoandika. Tengeneza mwonekano (`VIEW`) badala yake, yaani swali lililohifadhiwa ambalo husomwa kama jedwali:

```sql
CREATE VIEW toka_safi AS
SELECT UPPER(TRIM(mzigo)) AS mzigo,
       LOWER(TRIM(aina))  AS aina,
       magunia,
       kilo
FROM yaliyotoka;

CREATE VIEW fika_safi AS
SELECT UPPER(TRIM(mzigo)) AS mzigo,
       LOWER(TRIM(aina))  AS aina,
       magunia,
       kilo
FROM yaliyofika;
```

`TRIM` huondoa nafasi tupu za pembeni; `UPPER` na `LOWER` hugeuza herufi kuwa kubwa au ndogo. Kisha ulizia pande zote mbili kwa pamoja, kila mstari ukibeba jina la ghala ulikotoka:

```sql
SELECT 'Kibirizi' AS upande, t.*
FROM (SELECT * FROM toka_safi
      EXCEPT
      SELECT * FROM fika_safi) AS t
UNION ALL
SELECT 'Tabora' AS upande, f.*
FROM (SELECT * FROM fika_safi
      EXCEPT
      SELECT * FROM toka_safi) AS f
ORDER BY mzigo, upande;
```

Jibu:

```
Kibirizi | K102 | dagaa | 8  | 320
Tabora   | K102 | dagaa | 7  | 280
Kibirizi | K104 | dagaa | 10 | 400
Tabora   | K106 | dagaa | 4  | 160
```

K103 imetoka kwenye orodha ya makosa. K102 imekaa mistari miwili inayofuatana, ya zamani na mpya, na hata mtu asiyejua SQL anaisoma. Kwenye Oracle ondoa `AS` kabla ya `t` na `f`, kwani haikubali neno hilo mbele ya jina la jedwali.

Lebo ya `upande` imewekwa nje ya mabano, na haikuwekwa huko kwa bahati. Ukiandika `SELECT 'Kibirizi', ... EXCEPT SELECT 'Tabora', ...`, lebo inakuwa sehemu ya mstari unaolinganishwa. `Kibirizi` haitalingana na `Tabora` kamwe, hivyo mistari yote itaonekana tofauti. Kosa hili linatisha watu bure.

Hakiki jibu lako kwa hesabu. Mistari ya `INTERSECT` ukijumlisha na ya `EXCEPT` lazima itoe idadi ya mistari ya upande wa kwanza, ukishaondoa inayojirudia. Hapa `INTERSECT` ya mionekano miwili inatoa 3 (K101, K103, K105), `EXCEPT` inatoa 2, na zilizotoka ni 5. Isipotimia, huenda swali moja umeliandika kwa safuwima tofauti na lile la pili.

Safuwima hulinganishwa kwa nafasi, si kwa jina

Idadi ya safuwima isipofanana, hifadhidata inakataa papo hapo. Kosa hilo halina madhara kwa sababu unaliona. Baya ni hili:

```sql
SELECT mzigo, magunia, kilo FROM yaliyotoka
EXCEPT
SELECT mzigo, kilo, magunia FROM yaliyofika;
```

Inakubali bila manung'uniko, kwa kuwa magunia na kilo zote ni namba. Inalinganisha magunia 12 na kilo 480, na kukuletea mizigo yote mitano. Majina ya safuwima katika jibu huchukuliwa kutoka swali la kwanza, kwa hiyo hata vichwa vya jibu havitakuonya. Ndiyo maana `SELECT *` moja kwa moja kwenye majedwali ni hatari: mtu akiongeza safuwima katikati ya jedwali moja mwakani, swali lako litavunjika au, vibaya zaidi, litaendelea kujibu uongo. Juu tumetumia `*` kwa sababu mionekano imetaja safuwima zake kwa mpangilio mmoja.

`ORDER BY` inakaa mara moja tu, mwisho kabisa, na inapanga jibu zima.

UNION inayomeza pesa

Hapa ndipo hasara ya kweli hutokea. Tuseme siku moja makusanyo ya ushuru wa Kibirizi ni 5,000, 5,000 na 3,000. Ya Katonga, mwalo mwingine wa Kigoma, ni 5,000 na 2,000. Jumla ni shilingi 20,000. Sasa andika:

```sql
SELECT SUM(kiasi) FROM (
  SELECT tarehe, kiasi FROM ushuru_kibirizi
  UNION
  SELECT tarehe, kiasi FROM ushuru_katonga
) AS yote;
```

Utapata 10,000. Malipo matatu ya 5,000 ya siku hiyo yamegeuka moja, kwa kuwa `UNION` haijui kama ni watu watatu tofauti. Na haikufuta yaliyojirudia kati ya mialo miwili tu. Imefuta hata yaliyojirudia ndani ya Kibirizi penyewe. Nusu ya pesa imepotea na hakuna onyo lolote lililotokea.

Kanuni ya kazi: andika `UNION ALL` kila mara, na uondoe `ALL` pale tu unapoweza kueleza kwa nini mistari inayojirudia ifutwe. Tena `UNION ALL` ni nyepesi, maana hifadhidata hailazimiki kupanga au kuchambua mistari yote ikitafuta pacha. Kwa majedwali makubwa utaona tofauti ya muda. Na popote penye malipo, chukua pia namba ya stakabadhi; ikiwemo, mistari miwili ya watu wawili haiwezi kufanana.

Ugonjwa huohuo uko ndani ya `EXCEPT`. Stakabadhi tatu zinazofanana upande mmoja na mbili upande wa pili: `EXCEPT` inasema hakuna tofauti. PostgreSQL ina `EXCEPT ALL`, ambayo huhesabu na kukurudishia ile moja iliyozidi. MySQL inayo kuanzia 8.0.31, MariaDB kuanzia 10.5, Oracle kuanzia 21c. SQL Server na SQLite hazina. Huko hesabu mwenyewe:

```sql
SELECT tarehe, kiasi, COUNT(*) AS mara
FROM daftari_a GROUP BY tarehe, kiasi
EXCEPT
SELECT tarehe, kiasi, COUNT(*)
FROM daftari_b GROUP BY tarehe, kiasi;
```

Sasa "mara 3" na "mara 2" ni mistari tofauti, nayo itajitokeza. Njia hii inafanya kazi kila penye `EXCEPT`, na binafsi naiona ni rahisi kuisoma kuliko `EXCEPT ALL`, kwa sababu idadi unaiona.

Tarehe na saa

Tofauti za muda ndizo zinazochosha zaidi. Ziko za aina mbili, na zote ni za huku kwetu.

Ya kwanza ni saa za Kiswahili. Karani mmoja anaandika mzigo uliopokelewa saa mbili asubuhi kama 02:00. Mwingine anaandika 08:00. Ukiona `EXCEPT` inaleta mistari mingi iliyopishana saa sita kamili, usitafute mwizi. Waulize makarani wanaandikaje saa. Usirekebishe kwa kuongeza saa sita kwa jedwali zima, maana ndani yake huenda kuna zamu mbili za watu wanaoandika tofauti.

Ya pili ni seva inayotunza saa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mitumbwi ya dagaa hufanya kazi usiku. Mzigo ulioandikwa saa nane usiku tarehe 10 (yaani 02:00) unakaa kwenye seva kama 23:00 ya tarehe 9. Ukikata tarehe bila kurudisha zile saa tatu, mizigo yote ya kabla ya saa tisa usiku inahamia jana. Kwenye PostgreSQL, kama safuwima ni `timestamptz` (aina ya muda inayozingatia ukanda wa saa), kata hivi: `(muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date`. Kisha linganisha tarehe peke yake; dakika za upakiaji na dakika za upokeaji hazikusudiwi kufanana.

Mambo mengine yanayoharibu mlinganisho

Faili la CSV (maandishi ambayo thamani zake zimetenganishwa kwa mkato) kwenye SQLite: ukiendesha `.import` kabla ya kuunda jedwali, safuwima huenda zisipewe aina ya namba, na `'480'` ya maandishi hailingani na 480 ya namba. Unda jedwali kwanza kwa `INTEGER`. Hata hivyo kisanduku kilichoachwa wazi kitaingia kama maandishi matupu `''`, si `NULL`, na viwili hivyo havilingani. Kwenye mwonekano andika `NULLIF(kilo, '')`. Oracle ina tabia yake: maandishi matupu yenyewe huyahesabu kuwa `NULL`.

Uzito wenye desimali uliotunzwa kama `REAL` au `FLOAT` unaweza kutofautiana mbali sana baada ya nukta, mahali ambapo hakuna mzani unaofika. Kadiria hadi desimali moja: `ROUND(kilo, 1)`. PostgreSQL inakataa hiyo kwa `double precision`, hivyo andika `ROUND(kilo::numeric, 1)`.

Herufi kubwa na ndogo hutegemea hifadhidata. PostgreSQL na SQLite kwa kawaida huona `Dagaa` na `dagaa` kuwa vitu viwili. MySQL 8 kwa mpangilio wake wa kawaida huona kimoja. Nafasi tupu ya mwishoni SQL Server huipuuza, MySQL hutegemea mpangilio wa herufi uliochaguliwa. Kwa hiyo swali lilelile, data ileile, linaweza kutoa K103 kwenye kompyuta moja na kuificha kwenye nyingine. Ukiwa na `TRIM` na `LOWER` kwenye mwonekano, haikuhusu tena.

Ukichanganya opereta, tumia mabano. Kiwango cha SQL kinasema `INTERSECT` itangulie `UNION` na `EXCEPT`, na PostgreSQL, MySQL na SQL Server hufuata hivyo. SQLite huenda kushoto kwenda kulia bila upendeleo, na Oracle kwa desturi yake vilevile. SQLite haikubali mabano kuzunguka swali lililo ndani ya muunganiko, lifunge kwa `SELECT * FROM (... )`.

Na kama bado una MySQL ya kabla ya 8.0.31, `EXCEPT` haimo. Watu hukimbilia `NOT IN`:

```sql
SELECT mzigo FROM yaliyotoka
WHERE mzigo NOT IN (SELECT mzigo FROM yaliyofika);
```

Karani wa Tabora akiacha namba moja tu ya mzigo bila kuandikwa, `NULL` hiyo moja inafanya jibu lote liwe tupu, na K104 inatoweka machoni. Tumia `NOT EXISTS`:

```sql
SELECT t.mzigo FROM yaliyotoka t
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM yaliyofika f
  WHERE f.mzigo = t.mzigo
);
```

Hii inarudisha K104 peke yake, kwa kuwa inalinganisha namba ya mzigo tu, si mstari mzima. Ni swali zuri kuliuliza hata ukiwa na `EXCEPT`: kwanza namba zipi hazikufika kabisa, halafu zipi zilifika zikiwa zimebadilika.

Unapopeleka jibu

Mistari iliyobaki ikiwa michache kama minne hii, rudi kwenye majedwali ya asili uichukue kama ilivyoandikwa, bila `TRIM` wala `LOWER`:

```sql
SELECT 'Kibirizi' AS upande, mzigo, aina, magunia, kilo
FROM yaliyotoka WHERE mzigo IN ('K102','K104')
UNION ALL
SELECT 'Tabora', mzigo, aina, magunia, kilo
FROM yaliyofika WHERE mzigo IN ('K102','K106')
ORDER BY mzigo, upande;
```

Karani atafungua daftari lake akute maneno yaleyale aliyoyaandika kwa mkono wake. Mazungumzo yatakuwa juu ya gunia moja la K102 na magunia kumi ya K104, na hakuna atakayebishana na kompyuta.